Vyuoni wanafundisha historia ya vita bila vita vyenyewe!

Wakuu,

Hili limenichosha, naliweka wazi. Fungua muhtasari wa kozi ya historia chuo kikuu, nenda mada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Utakuta sababu, kisha matokeo. Katikati patupu. Miaka minne ya watu kuuana imerukwa, na mtu anapewa shahada bila kuulizwa hata mara moja jeshi lilikuwa linakula nini.

Ukihoji unajibiwa kwamba mapigano ni kazi ya vyuo vya kijeshi, na kwamba anayeyasoma anashabikia damu. Hoja ya hovyo kabisa. Raia wengi walikufa, halafu raia haohao wasisome namna walivyouawa?

Chukua Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India, Wajerumani walikuwa na kama 1,000, na Waingereza wakapigwa. Uliza sababu, utaambiwa nyuki waliwashambulia. Nyuki walikuwepo, sikatai, ila kilichoamua ni saa na reli. Tarehe 2 manowari Fox iliingia kwanza kudai mji usalimu amri, maana yake mji ukapewa taarifa. Askari waliokaa melini kwa wiki kadhaa wakashushwa polepole, bila upelelezi wa maana, na shambulio kuu likaja tarehe 4. Muda wote huo kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa anateremsha kompania zake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Mpe mwanafunzi karatasi achore safu mbili: huku nani kafika ufuoni saa ngapi, kule nani kashuka kwenye treni saa ngapi. Jibu atalipata mwenyewe, na hadithi ya nyuki atairudisha mahali pake.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni wapagazi. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo vita vikabebwa kichwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, kama kilo 27. Tuseme posho ni kilo moja ya nafaka kwa siku, na mpagazi anakula humohumo kwenye mzigo alioubeba. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, kwenda na kurudi anakula kilo 10, anafikisha 17. Ikiwa siku 10, anafikisha 7. Ikiwa siku 13, anafikisha kilo moja! Jeshi likisogea mbele zaidi ya hapo lina njia tatu: kuweka maghala njiani na kukamata wapagazi wengine wa kuyajaza, kupunguza posho, au kupora ghala za wanavijiji. Zote tatu zilitumika. Ongeza kuhara damu na malaria kwenye miili iliyokwisha kudhoofika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi, na hesabu hii inaonyesha kwamba vifo vile vilitokana na uamuzi wa kusonga mbele bila chakula cha kutosha. Ni hesabu ya darasa la tano. Kwa nini haifanywi chuo kikuu?

Tena tusidhani kuna mtu ametufanyia. Historia rasmi ya Waingereza kuhusu kampeni hii ya Afrika Mashariki ilitoka 1941, juzuu ya kwanza tu, ikaishia Septemba 1916. Juzuu ya pili haikuchapishwa. Yaani 1917 yote, pamoja na pambano la Mahiwa, hadi Wajerumani walipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, haimo.

Maji Maji nayo vilevile. Mjadala mzima ni maji na risasi. Mahenge, Agosti 1905, rashasha za Wajerumani zilifanya kazi yake, sawa. Ila upinzani ulivunjwa kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Sasa tazama njaa hiyo imewekwa wapi kwenye notisi: chini ya "matokeo". Ilikuwa silaha, ina maeneo yake, ina tarehe zake, ina waliotoa amri!

Nyaraka zipo. Shajara za vikosi vya Uingereza ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, kwenye mfululizo WO 95, na za utawala wa Kijerumani zipo Hifadhi ya Nyaraka Dar es Salaam. Zinahitaji ufundi: saa nyingi ziliandikwa baada ya tukio, idadi ya adui mara nyingi imekuzwa, na wapagazi wanatajwa kama namba tu. Kwa hiyo unazilinganisha na ramani ya kontua, taarifa za posho na taarifa za madaktari wa jeshi, kisha na maelezo ya upande wa pili.

Ninachodai ni kozi moja ya muhula mmoja: wiki mbili za kusoma ramani, wiki mbili za ugavi, zilizobaki pambano moja tu, likichambuliwa kutoka nyaraka za pande zote mbili. Na Kijerumani cha kusomea kwa wanaoandika tasnifu. Wahadhiri mliomo humu, semeni ni kipi hapo kisichowezekana.