Fundi wa Kondele, hapa Kisumu, amevunja pedali yangu ya gitaa, kisha akataka kuinunua kwa elfu moja

Wadau, nina hasira na sitaificha. Wiki tatu nimekaa bila pedali yangu ya dijitali, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Kilichoizima ni kidude cha shilingi 20. Kilichoiharibu ni mikono ya mtu niliyemlipa aitengeneze.

Ilianza kwenye harusi Ahero. Stima ilipotea, jenereta ikawashwa, vitu vikachomolewa na kuchomekwa upya gizani, na mpiga kinanda wetu akachomeka adapta yake kwenye pedali yangu. Plagi zinafanana kabisa, zile za duara. Lakini adapta ya kinanda chake ni ya volti 12 na chanya iko katikati ya plagi, wakati pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9 na hasi katikati. Stima iliporudi, pedali haikuwaka. Hakukuwa na moshi wala harufu. Yule kijana simlaumu, aliniomba msamaha pale pale na usiku ule nikapiga benga kwa gitaa kavu hadi alfajiri. Mpiga solo anajua ilivyo kufika ile sehemu ya mwisho, mwendo umepanda, watu wote wamesimama, na mwangwi uliouzoea chini ya vidole haupo.

Jumatatu nikampelekea fundi mmoja Kondele, anatengeneza redio, TV na amplifaya. Nilimweleza kisa chote hadi habari ya adapta. Narudia, nilimwambia! Fundi akisikia kifaa kimechomekwa adapta ya kinyume, kitu cha kwanza ni kushika testa, kile kipimo cha umeme, apime pale umeme unapoingilia. Watengenezaji wanajua watu watakosea, kwa hivyo pedali nyingi zimewekewa dayodi ya ulinzi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, karibu na tundu la adapta. Umeme ukija kinyume, dayodi inaupitisha kwake ili usifike mbele. Adapta ikiwa na nguvu, dayodi inaungua na mara nyingi inashikana ndani, inabaki kama kipande cha waya. Tangu hapo hata ukirudisha adapta sahihi pedali haiwaki, maana chanya na hasi zimegusana mlangoni. Chipu ya sauti na memori huko nyuma zinaweza kuwa salama kabisa.

Yeye alichukua shilingi 1,500 kabla hata ya kugusa bisibisi. Njoo Ijumaa. Ijumaa hakuna stima. Wiki iliyofuata, kipuri kinatoka Luthuli, Nairobi. Kipuri gani? Hakukitaja jina. Wiki ya tatu nikamkuta amekaa, pedali iko kwenye katoni pamoja na rimoti na nyaya.

"Hii bodi imeungua yote, boss. Hizi za dijitali hazitengenezwi. Niachie nikupe elfu moja, nitoe vipuri."

Nikaichukua nikaondoka nayo. Nashukuru sikukubali.

Nilipofika nyumbani niliona skrubu za chini ni tatu, na zilikuwa saba. Nikafungua. Wadau, nililia. Chipu kubwa ya katikati imezungukwa na uchafu wa kahawia wa kulehemu, na kikapasita kidogo kando yake kimelala upande. Alikuwa anachoma miguu ya chipu ambayo haikuwa na shida yoyote, pengine kwa sababu ndiyo kubwa! Lakini pale kwenye tundu la adapta hapakuguswa. Risasi ya kulehemu ya kiwandani bado inang'aa.

Niliazima testa kwa binamu yangu. Karibu na tundu kuna dayodi ndogo nyeusi, bapa, imeandikwa M7. Dayodi nzima ukiipima inapitisha upande mmoja tu, testa inasoma karibu volti 0.6, na ukigeuza nyaya haisomi kitu. Kwa yangu testa ililia pande zote mbili, yaani imeshikana ndani. Nikaing'oa, nikapima tena mahali ilipokuwa, mlio ukakoma. Nikachomeka adapta yangu ya volti 9 kwa uangalifu wote wa dunia. Taa nyekundu ikawaka. Nikaunganisha gitaa, mwangwi ukatoka, na sauti zote nilizohifadhi kwa miaka minne zilikuwepo, hata ile niliyoitengenezea wimbo wa marehemu baba. Dayodi mpya nilinunua mjini kwa shilingi 20, nikailehemu mwenyewe, ule mstari wake ukiangalia upande wa chanya kama ya zamani. Dakika kumi.

Sasa hasira yangu iko hapa. Skrini inaonyesha nusu tu ya mistari. Utepe mwembamba unaoiunganisha na bodi unaingia kwenye soketi yenye kikufuli cha plastiki, na kikufuli hicho unakiinua kwa ukucha kwanza ndipo utepe utoke wenyewe. Huyu bwana alivuta tu. Sikio moja la kikufuli limekatika na utepe haukai. Nimeubana kwa karatasi iliyokunjwa mara tatu, nikikanyaga swichi kwa nguvu skrini inapotea tena. Kosa hilo halikuletwa na adapta. Ni la mtu aliyefungua kitu asichokijua, hakuuliza, hakupima, halafu akasema kimekufa ili kibaki kwake.

Wangapi wamemwachia vitu vyao kwa elfu moja, vikiwa na dayodi moja tu iliyoungua? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Kuna vijana wanaopiga makanisani na kwenye matanga ambao pedali moja wameichangia mwaka mzima.

Alhamisi narudi kwake na testa mkononi. Nataka 1,500 yangu na skrubu zangu nne. Kwa sasa naomba msaada wenu: nani hapa Kisumu, au hata Kakamega au Nakuru, anaweza kubadilisha soketi ya utepe yenye njia 20, nafasi ya nusu milimita kati ya njia na njia? Awe mtu anayekubali nikae kando yake nikitazama akifanya kazi.