Kulenga shabaha kwa jozi: zamu kwa zamu, mmoja amalize kwanza, au mtindo wa Olimpiki?

LengaUyole (Mbeya)
Wakuu, salaam. Tunaandaa shindano la kirafiki la bunduki, mita 300, kwa wamiliki wenye leseni na askari wastaafu wachache wa hapa Mbeya. Suala la uwanja na kibali cha polisi lina watu wake, naomba tusiligeuzie uzi huu. Kinachotukwamisha ni namna ya kupiga kwa jozi.

Wapigaji ni 16. Shabaha ni nne, za karatasi, zinapandishwa na kushushwa na watu walioko handakini. Kila mpigaji ana risasi mbili za majaribio na 10 za kuhesabiwa. Njia nilizoziona ni tatu.

Kuna zamu kwa zamu: wawili wanalala bega kwa bega mbele ya shabaha moja, huyu anapiga, inahesabiwa, ndipo mwenzake anapiga. Kwenye uwanja wa Bisley kule Uingereza ndiyo desturi yao, na mpigaji ana sekunde 45 kwa risasi. Kuna mmoja kumaliza zote ndipo mwenzake aingie, ambayo Wamarekani wameizoea: kwenye yadi 600 mtu anapewa dakika 22 apige risasi 20 na mbili za majaribio, azigawe muda atakavyo. Halafu kuna ile ya timu mchanganyiko ya Olimpiki, jozi kwa jozi.

Ipi inatufaa? Na adabu zake ni zipi? Mwaka jana kwenye shindano moja nililohudhuria watu waliondoka hawasalimiani, na sitaki tufike huko.

MgamboMstaafu (Tukuyu)
Mdogo wangu, zamu kwa zamu. Nimepiga kwa mitindo yote miwili ya kwanza na sina shaka.

Ila wengi wanaiiga bila kuielewa saa yake. Hizo sekunde 45 hazianzi mwenzako alipofyatua. Akishafyatua, shabaha inashuka, walioko handakini wanatafuta tundu, wanachomeka kidude cha kuonyesha risasi ilipoingia, wanaweka alama ya pointi, wanaipandisha. Ikishasimama juu na alama inaonekana, hapo ndipo saa yako inaanza. Ukihesabu tangu mlio wa mwenzako, unamwadhibu mtu kwa uvivu wa handaki. Ugomvi mwingi niliowahi kuuona uwanjani ulikuwa wa saa, haukuwa wa pointi.

Kwa hiyo andikeni kabisa kwenye karatasi ya kanuni: saa inaanza shabaha ikisimama juu, na anayeishika ni msimamizi mmoja, si wapigaji wenyewe.

Mlowo300 (Songwe)
Shikamoo mzee. Naomba nipingane nawe kwa heshima.

Kwa washiriki wengi ambao ni wageni wa mashindano, zamu kwa zamu inawavuruga. Mtu amepata pumzi, amepata mkao, sasa anangoja mwenzake ambaye anahangaika na upepo. Akipewa muda wake wote mkononi, anajipangia mwenyewe: upepo ukitulia anapiga tatu haraka haraka, ukichafuka anatulia. Hakuna wa kumlaumu.

Halafu anayedhani zamu inaokoa muda, kihesabu hauokolewi. Wawili wana risasi 24. Mara sekunde 45 ni dakika 18, wapige kwa zamu au mmoja mmoja. Handaki nalo likitumia sekunde 10 kwa kila risasi unaongeza dakika nne. Jumla 22 kwa njia zote mbili.

MgamboMstaafu (Tukuyu)
Marahaba mwanangu. Hesabu yako ni sahihi kama kila mtu anatumia sekunde zake zote. Kwa zamu hazitumiki zote. Wakati mwenzangu analenga, mimi nimeshaandaa risasi, nimeshasoma bendera za upepo, nimeshaandika alama yake. Shabaha ikipanda kwa ajili yangu, kilichobaki ni pumzi na kidole. Anayepiga peke yake kazi hizo zote anazifanya ndani ya saa yake.

Na mtutu unapoa. Bunduki inayofyatuliwa mfululizo joto linapanda, na nyingine zinaanza kutawanya risasi. Kwa zamu inapata nafasi ya kupumua.

Hiyo ya kusubiri upepo utulie ndiyo sababu hasa ya mimi kuipenda zamu. Mwenye dakika zake mkononi anaweza kuvizia hali moja tu ya upepo na kupigia hiyo. Mwenye sekunde 45 analazimika kuusoma upepo uliopo. Kwangu huyo wa pili ndiye aliyeshindana.

UpepoMakambako (Njombe)
Kamwene wadau. Kuhusu upepo nina la kusema, maana huku Makambako tunaishi nao.

Kwa zamu, risasi ya mwenzako inakufundisha. Ukiona kidude chake kimeangukia kushoto na unajua ni mpigaji mzuri, unapata habari ya upepo kabla hujafyatua. Hilo ni halali, macho ni yako. Kisicho halali ni yeye kukuambia "ongeza kulia kidogo". Kwenye shindano la mtu binafsi kufundishana mstarini hakuruhusiwi, hata kwa ishara ya mkono, hata kama ni kaka yako.

Pia kumbukeni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo risasi inabaki na mwendo zaidi. Bunduki iliyorekebishwa Dar es Salaam inaweza kupiga juu kidogo huku. Mita 300 tofauti ni ndogo, lakini mpigaji makini ataiona. Ndiyo maana nasema risasi mbili za majaribio zisipunguzwe, hata muda ukibana.

Na ukungu. Mkipanga Juni au Julai, asubuhi shabaha inaweza kupotea katikati ya zamu. Kanuni iwepo mapema: shabaha isipoonekana, msimamizi anasimamisha saa, bolti (komeo la kupakilia risasi) zinafunguliwa, wote wanangoja. Asiruhusiwe mtu kupiga kwa kukisia kwa sababu eti sekunde zake zinaisha.

BintiIpogolo (Iringa)
Shikamooni wakubwa. Mimi nafundisha vijana bunduki za upepo, mita 10, kwa hiyo nitaitetea njia ya tatu ambayo hamjaigusa.

Kwenye fainali ya timu mchanganyiko, mwanamke na mwanaume, kwa kanuni za Olimpiki ya Paris 2024 kila mmoja anapiga risasi moja ndani ya sekunde 50. Alama zao zinajumlishwa, risasi moja ikifika juu kabisa ni 10.9. Jozi yenye jumla kubwa inachukua pointi mbili, zikilingana kila jozi moja, na wa kwanza kufikisha 16 ameshinda. Paris 2024 dhahabu ya kwanza ya michezo yote ilitoka hapo: Huang Yuting na Sheng Lihao wa China waliwashinda Korea Kusini 16 kwa 12.

Uzuri wake ni kwamba mtazamaji anaelewa. Kila risasi ina mshindi. Wazazi wanaokuja kuwaangalia vijana wangu hawajui habari za bendera, lakini hili wanalifuata mwanzo hadi mwisho.

Ila nisiwadanganye: inataka shabaha za kielektroniki, au ukumbi ambapo karatasi inasomwa palepale. Kwa handaki na mita 300, kulinganisha desimali kila raundi kutawachosha. Kwenu haifai. Kama mnataka ladha yake, mfanye raundi ya mwisho ya jozi mbili bora, kwa pointi nzima.

Na swali kwako kaka Lenga: hao wawili wa shabaha moja ni wapinzani au ni timu? Hujasema, na adabu zote zinategemea hapo. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa na tuzo ya jozi ya bunduki kubwa ambapo alama za wawili zinajumlishwa. David Luckman na Parag Patel wa England waliichukua 2014 na tena 2018. Hao wanashauriana, na ni sehemu ya mchezo. Wapinzani wakishauriana ni kosa.

LengaUyole (Mbeya)
Dada, umenigusa penyewe. Ni wapinzani. Wanagawana shabaha tu, jozi zinapangwa kwa kura.

Nimekubali zamu kwa zamu. Jozi nane, mikupuo miwili ya jozi nne. Mkupuo wa pili wanakaa handakini wakati wa kwanza wanapiga, kisha wanabadilishana, wawili kwa kila shabaha. Sasa mzee, niandikie adabu, nizisome mbele ya watu.

MgamboMstaafu (Tukuyu)
Wa kulia ndiye anayeanza. Asiyepiga ndiye anayeandika alama za mwenzake, na anazitamka kwa sauti: "Ya majaribio ya pili, nne." Mpigaji akiona tofauti aseme palepale, kabla ya risasi inayofuata. Ikishapigwa nyingine, mjadala umefungwa. Mwisho wote wawili wanasaini.

Zamu isipokuwa yako bolti iwe wazi, chemba (pale risasi inapokaa) tupu, risasi iko mkononi au kwenye boksi. Hili halina mswalie Mtume.

Mwenzako akilenga, tulia. Usipekue begi, usiburute mkeka, usimguse kiwiko. Maganda yako yakiwa yanamrukia usoni, sogea au weka kizuizi, usingoje alalamike. Usishangilie risasi yako, na kubwa kuliko yote usiisikitikie yake. Ukimwambia "pole" baada ya alama mbaya, ile pole anakwenda nayo kwenye risasi inayofuata.

Usikimbie na usivute. Kuna watu wanajua mwenzao ni mwepesi, wanakaa hadi sekunde ya 44 kila mara ili kumchosha. Kanuni inawaruhusu, mimi siwaheshimu.

Mlowo300 (Songwe)
Hiyo ya kuvuta makusudi ndiyo iliyonifanya nichukie zamu. Nashukuru umeitaja, mzee. Kama msimamizi ataikemea, nitakuja kupiga.

Bado moja: mtu akipiga shabaha ya jirani? Shabaha nne zimebanana, hili litatokea.

UpepoMakambako (Njombe)
Aliyekosea shabaha anaandikiwa sifuri. Aliyepigiwa, kama zimeonekana risasi mbili kwenye karatasi yake na haijulikani ipi ni yake, apewe ya juu. Asiadhibiwe kwa kosa la mwingine. Na kabla ya kila risasi mpigaji aangalie namba ya shabaha kwanza, ndipo bendera.

BintiIpogolo (Iringa)
Ongezeni la risasi za majaribio, maana huko ndiko ubishi mwingine unakozaliwa. Mtu akitaka risasi za majaribio zihesabiwe, atamke kabla hajapiga ya tatu, na mwandishi wake arudie kwa sauti. Anaweza kuzichukua zote mbili au ile ya pili peke yake; ya kwanza peke yake hapana.

LengaUyole (Mbeya)
Ndaga fijo wote. Naziandika leo: saa inaanza shabaha ikisimama juu, sekunde 45, msimamizi mmoja. Ukungu unasimamisha saa. Anayevuta makusudi anaonywa na msimamizi. Raundi ya mwisho ya jozi mbili nitaipeleka kwa wenzangu kwanza, wapo wanaoona itaongeza saa nzima.

Mzee, nafasi ya msimamizi wa saa iko wazi. Nauli ya Tukuyu hadi hapa ni juu yetu.

MgamboMstaafu (Tukuyu)
Nitakuja. Nitafutieni saa ya kubonyeza, na ya akiba.