Laptop haiwaki tangu nirudi likizo, fundi anasema diski imekufa. Naomba ushauri kabla sijatoa hela

MwalimuFizikia

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, maana kesho jioni natakiwa nimpe fundi jibu.

Nina Dell Latitude E6440, niliinunua mtumba mwaka 2019. Mwaka 2023 nilibadilishiwa diski, nikawekewa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ya GB 256 na kupigiwa Windows 10 upya. Tangu siku hiyo haijanisumbua. Kilichochoka ni betri. Mwezi wa tano ilikufa kabisa, nikaitoa, nikawa natumia chaja peke yake.

Shule zilipofungwa nilikwenda kijijini, laptop nikaiacha kabatini wiki nne. Nimerudi, nimechomeka chaja, nikawasha. Kwanza yalikuja maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, sikuyasoma yote, yakanitaka nibonyeze F1 niendelee. Nikabonyeza. Ikaja nembo ya Windows, vidoti vikazunguka, halafu skrini ya bluu yenye uso wa huzuni na chini yake INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ikajizima, ikawaka, ikarudia. Mara ya tatu ikaandika kwamba inajitengeneza yenyewe, ikashindwa.

Fundi wa hapa mjini ameiangalia dakika tano, akasema diski imekufa. Diski mpya na kupiga Windows ni 140,000. Nikamuuliza kuhusu mafaili, akanijibu diski ikishakufa mafaili nayo yamekwenda.

Humo ndani mna alama za wanafunzi wa vidato viwili, hizo naweza kuzikusanya upya kwenye karatasi. Kuna rekodi za bibi yangu akinisimulia habari za ukoo wetu, nilizichukua 2021. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Sina nakala nyingine. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi.

---

Kijana wa Stendi

Shikamoo mwalimu. Mimi ningekushauri upige Windows mpya tu. Flashi ya GB 8, dakika arobaini umemaliza.

---

Sokoni26

Kijana, soma tena alichoandika. Kuna sauti ya marehemu humo. Ukipiga Windows juu ya diski hiyo na kufuta sehemu zake, unaziandikia juu. Na kama ni SSD, ukishafomati kuna amri inayoiambia diski isafishe nafasi zilizoachwa wazi, hata zile programu za kurejesha mafaili mara nyingi hutoka mikono mitupu. Kwenye diski za zamani za sahani ungekuwa na matumaini kidogo, huku usitegemee.

Mwalimu, usimpe mtu ruhusa ya kufomati chochote kabla hujashika hizo rekodi mkononi. Hata akikwambia zimeshapotea.

---

MamaUbao

Pole sana mwalimu. Tuanze na mafaili, ugonjwa tutautafuta baadaye.

Ile hatua inaposhindwa kujitengeneza huwa inakupa ukurasa wa bluu wenye machaguo. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Inaweza kukuomba nenosiri lako la Windows, weka. Litafunguka dirisha jeusi. Chomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, kisha andika neno moja tu:

notepad

Bonyeza Enter. Itakuja ile Notepad ya kuandikia. Nenda File, halafu Open. Pale chini pameandikwa kwamba ionyeshe mafaili ya maandishi tu, badilisha ionyeshe yote, la sivyo utaona mafolda matupu na utaogopa bure. Kisha tafuta This PC. Hilo dirisha dogo la kufungulia faili linakubali kunakili: bonyeza kitufe cha kulia kwenye folda, chagua Copy, nenda kwenye flashi, Paste.

Mambo mawili uyajue. Herufi za diski hubadilika mle ndani, C yako inaweza kuitwa D au E, na ile X ni ya muda tu, iache. Pili, haina mstari wa kukuonyesha imefika wapi. Ukinakili folda kubwa dirisha linaganda kama limekufa. Usilizime. Iache hata saa nzima, angalia taa ya flashi kama inayo.

Swali: uliwahi kuwasha BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima? Kama diski imefungwa kwa BitLocker itakuomba namba za tarakimu 48 kabla ya kukuonyesha chochote.

---

MwalimuFizikia

Asante sana dada. BitLocker sijawahi kuigusa, na haijaniomba namba yoyote. Naingia sasa hivi, nitarudi na majibu.

---

Mtafiti_Z

Wakati tunamsubiri mwalimu, kwa wengine mnaosoma: hiyo namba ya tarakimu 48 itafuteni leo, mashine zenu zikiwa nzima. Wanaoingia Windows kwa akaunti ya Microsoft mara nyingi huikuta imehifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Mnakumbuka Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta zinazokadiriwa milioni 8.5 duniani? Dawa yenyewe ilikuwa kufuta faili moja. Lakini mashine nyingi zilitaka mtu akae mbele ya kila moja, na zile zenye BitLocker hazikumfungulia asiyekuwa na namba.

---

MwalimuFizikia

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Mafaili yapo YOTE. C yangu ilikuwa imegeuka E kama dada alivyosema. Nimenakili folda ya rekodi, GB 11, dirisha likaganda kama dakika ishirini na tano, nikakaa tu naitazama. Lilipoachia nikachomoa flashi, nikaiweka kwenye kompyuta ya ofisini. Nimemsikia bibi akikohoa kidogo kabla ya kuanza kusimulia, kama ilivyokuwa siku ile.

MamaUbao, Mungu akuzidishie. Sasa mafaili ninayo, nikubali diski mpya?

---

MamaUbao

Nimefurahi mno. Nakili na zile alama za wanafunzi, na chochote kilichoko Desktop na Documents. Nakala moja ipeleke hata kwenye simu ya mtu mwingine nyumbani.

Kuhusu diski: hapana, subiri. Diski iliyokufa haitoi GB 11 mfululizo bila kosa hata moja. Diski yako ni nzima, au karibu na nzima. Kwa hiyo swali ni lingine, kwa nini Windows haiioni wakati Notepad imeiona?

Nieleze yale maandishi meupe uliyobonyeza F1. Zima, washa tena, uyanakili neno kwa neno. Na ukiwa kwenye BIOS, yaani ule ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kwa F2 kabla ya Windows, tazama saa yake inasoma tarehe gani.

---

MwalimuFizikia

Yameandikwa "Time-of-day not set - please run SETUP program". Tarehe imerudi nyuma miaka mingi sana, kabla hata sijainunua.

---

MamaUbao

Basi mwalimu, tumeupata. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wewe ni mtu wa fizikia na utapenda kujua kwa nini.

Kwenye ubao mama (motherboard) kuna betri ndogo kama sarafu, CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea na kuitunza mipangilio ya BIOS pale mashine inapokosa umeme mwingine. Betri kubwa ikiwa hai, au chaja ikiwa imechomekwa, hata hiyo sarafu ikifa hutajua. Wewe betri kubwa uliitoa mwezi wa tano, halafu mashine ikakaa kabatini wiki nne bila chaja. Sarafu ikaachiwa mzigo wote, na ilikuwa imeshachoka. Ikazimika, na mipangilio yote ya BIOS ikarudi ilivyotoka kiwandani.

Kati ya mipangilio hiyo kuna inayoitwa SATA Operation, yaani namna ubao unavyozungumza na diski. Kiwandani Dell waliiweka RAID On. Nina karibu uhakika aliyekupigia Windows mwaka 2023 aliibadilisha kuwa AHCI, mafundi wengi hufanya hivyo na si kosa. Windows ikiwaka, hubeba mwanzoni zile draiva (programu ndogo za kuongea na vifaa) chache tu inazojua inazihitaji. Yako iliandikisha ya AHCI, ya RAID ikalala. Sasa ubao umeamka na RAID, Windows inagonga mlango uliohamishwa. Inabaki kusema diski ya kuwakia haifikiki, na ndiyo maana halisi ya yale maneno ya bluu. Ule ukurasa wa matengenezo wenyewe hubeba draiva za aina nyingi, ndiyo maana Notepad iliiona diski bila shida.

Fanya hivi. Washa, gonga F2 mfululizo nembo ya Dell ikitokea. Sahihisha tarehe na saa kwanza, kwa sababu tarehe ikiwa mbovu hata tovuti zitagoma kufunguka ukiingia mtandaoni. Kisha upande wa kushoto fungua System Configuration, bonyeza SATA Operation, chagua AHCI. Itakuonya kwamba Windows inaweza kushindwa kuwaka, kubali. Apply, halafu Exit. Hakuna faili linaloguswa hapo, na isipowaka unarudisha ilivyokuwa.

---

Kijana wa Stendi

Dada, nimejifunza kitu. Lakini nina swali. Kama angepiga Windows upya kama nilivyosema, si ingewaka?

---

MamaUbao

Ingewaka, na hapo ndipo ubaya ulipo. Windows mpya ingesakinishwa chini ya RAID, ikaandikisha draiva ya RAID, ikawaka vizuri. Mwalimu angelipa 140,000, angeamini diski ilikuwa imekufa, na fundi naye angeamini hivyohivyo. Simsemi kwamba ni mwizi. Huenda kila akibadilisha diski na kupiga Windows tatizo hili linaondoka, kwa hiyo hajapata sababu ya kutafuta zaidi. Lakini mashine ikikuonyesha ujumbe kabla ya skrini ya bluu, usome ule wa kwanza. Mara nyingi ndio wenye habari.

Na uangalie, ushauri huu ni wa dalili hizi. Mtu asije akaenda kubadili SATA kwenye mashine iliyokuwa inawaka vizuri, ataiangusha yeye mwenyewe kwa njia hiihii. Kama unatumia BitLocker, kuchezea BIOS kunaweza kukufanya uombwe zile tarakimu 48.

---

Sokoni26

Naongeza hapo. Mtu mwenye diski ya sahani inayotoa sauti ya tik-tik-tik asifuate hatua za kutengeneza kwanza. Asiwashe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, wala nini. Ile amri ikiagizwa irekebishe inaweza kuipekua diski nzima na kuiandikia, diski inayokata roho inaweza kuishia hapohapo. Nakili kilicho muhimu, anza na kidogo chenye thamani kubwa, kisha zima.

---

MwalimuFizikia

IMEWAKA. Nimebadili AHCI, nikasahihisha tarehe, nikabonyeza Exit, vidoti vikazunguka mara mbili tatu, picha ya mezani ikatokea na kila kitu mahali pake. Mke wangu ametoka jikoni kuuliza kuna nini.

Fundi nimemwambia asante, sitahitaji diski. Nimemweleza kuhusu SATA, amesikiliza vizuri na ameniomba nimtumie kiungo cha uzi huu.

Sasa hiyo sarafu naibadilishaje?

---

MamaUbao

Hongera mwalimu! Chomoa chaja, betri kubwa tayari umeitoa, fungua skrubu za mfuniko wa chini. Kwenye E6440 utaiona imevikwa plastiki, ina waya mbili na plagi ndogo. Chomoa plagi kwa kucha taratibu, usivute waya. Dukani omba CR2032 yenye waya, ya laptop. Usinunue ile tupu ya rimoti ukaenda kuichomea risasi mwenyewe, betri ya aina hii ikipata joto la chuma cha kuchomea inaweza kupasuka.

Kuanzia leo, ukikosa umeme kabla hujaibadilisha, mipangilio itarudi tena RAID. Sasa unajua pa kugusa.

---

Mtafiti_Z

Mwalimu, jambo moja kwa baadaye. Microsoft walisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na E6440 ni ya kizazi cha nne cha Intel, haipo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Mimi ya aina yako naendesha Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na inakimbia vizuri. Si lazima uhame leo, lakini ukiwa na nafasi iandike kwenye flashi, uiwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uone. Hata siku Windows ikigoma, flashi hiyo inakufungulia mafaili kirahisi kuliko Notepad.

---

MwalimuFizikia

Nitaijaribu likizo ijayo, asante.

Mrejesho kuhusu sarafu. Ya zamani nimeipima kwa mita ya maabara ya shule, inasoma volti 0.8. Mpya inasoma 3.2. Vijana wa kidato cha tatu walikuwepo, nikawaachia waipime wenyewe, kila mmoja kwa zamu yake. Nimefunga mpya, nikaweka tena tarehe na AHCI, nikazima, nikachomoa chaja na kuiacha mezani usiku kucha bila umeme wowote. Asubuhi nimechomeka na kuwasha. Yale maandishi meupe hayakuja, na saa ilikuwa sawasawa na ya simu yangu.