Kusajili chapa ya vifaa tiba Uganda: glavu, mashine za presha, viti vya magurudumu

Duka_Wandegeya

Salamu wakuu. Tuna kampuni ya vifaa tiba vya jumla hapa Wandegeya. Hadi sasa tunauza chapa za wengine, ila tunataka kuagiza Guangzhou mzigo wenye jina letu: glavu za uchunguzi, mashine za presha za kidijitali, bandeji na plasta, na viti vya magurudumu. Jina tulilochagua ni "Afya Bora Medical", nembo ni msalaba mwekundu ndani ya duara jeupe. Kampuni ilishasajiliwa URSB (ofisi ya serikali ya usajili wa biashara) kwa jina hilohilo. Je, hilo halitoshi? Kama halitoshi, ombi moja linabeba bidhaa zote? Na kiwanda kinasema kitatusajilia jina China bila malipo yoyote. Tukubali?

Wakili_wa_Alama

Ndugu, kwanza simamisha uchapaji wa maboksi.

Kampuni na alama ya biashara vyote vinasajiliwa URSB, ndiyo maana watu huchanganya, lakini ni daftari mbili tofauti. Cheti cha kampuni kinakuwezesha kufungua akaunti, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Hakikupi haki ya kumzuia mfanyabiashara wa Kikuubo asiandike jina hilo kwenye boksi la glavu. Haki hiyo inatoka kwenye Sheria ya Alama za Biashara ya 2010, tena kwa bidhaa ulizozitaja kwenye ombi.

Jina lenyewe ni dhaifu. Kila muuza vifaa tiba ana haki ya kusema bidhaa zake zinaleta afya bora, na "Medical" inataja biashara tu. Mkaguzi wa URSB atalikataa kwa kukosa upekee, au atakutaka utamke kwamba hudai haki ya pekee juu ya "Medical". Kulihamishia kwenye Kiluganda hakusaidii, mkaguzi naye anakisema nyumbani kwake. Tafuta neno la kubuni lisiloeleza bidhaa, tuseme "Tivelo". Watu wa mauzo hawayapendi majina ya namna hiyo kwa sababu yanahitaji kutangazwa kwa muda mrefu, lakini pingamizi likija ndiyo yanayosimama.

Msalaba mwekundu futa kabisa. Unalindwa na Mikataba ya Geneva, ambayo Uganda imeiingiza kwenye sheria zake, kwa ajili ya huduma za tiba za majeshi na taasisi za Msalaba Mwekundu. Hausajiliki, na kuutumia kibiashara hata bila kuusajili ni kosa. Ukiugeuza kijani utakwepa tatizo hilo, ila maduka ya dawa mangapi yana msalaba wa kijani? Nembo ya WHO, yaani nyoka na fimbo juu ya ramani ya Umoja wa Mataifa, nayo usiiguse.

Sasa klasi, yaani makundi ya bidhaa na huduma kwenye usajili. Uganda hatuna ombi la klasi nyingi: kila klasi ni ombi lake na ada yake. Mzigo wako unagawanyika hivi. Mashine za presha na glavu za uchunguzi ni klasi ya 10, pamoja na vipimajoto vya mgonjwa, mabomba ya sindano, magongo na vitanda vya hospitali. Bandeji na plasta ni klasi ya 5, kundi moja na dawa na vitendanishi vya kupimia magonjwa. Viti vya magurudumu ni klasi ya 12, pamoja na magari na baiskeli. Hapa wengi huteleza kwa kuviweka 10. Kwa hiyo una maombi matatu. Mashine ya presha ikija na programu ya simu yenye jina hilo, ongeza klasi ya 9. Kibao cha duka ni klasi ya 35, kwa sababu huduma nazo zinasajiliwa chini ya sheria hii.

Angalia glavu kwa karibu. Za uchunguzi na upasuaji ni 10, za kumkinga fundi dhidi ya ajali ni 9, za kuoshea vyombo ni 21. Ukiandika "glavu" tupu, mkaguzi atarudisha ombi. Barakoa vilevile: za upasuaji 10, za kuzuia vumbi na moshi 9. Andika bidhaa kwa majina yake, usiandike "vifaa vyote vya klasi ya 10" ukidhani umejilinda zaidi. Sheria inaruhusu mtu kuomba jina liondolewe kwa bidhaa ambazo hujawahi kuziuza.

Hatua zenyewe si ngumu. Lipia upekuzi wa daftari kabla ya ombi, uone kama kuna jina linalofanana, na upekue klasi ya 5 hata kwa jina la klasi ya 10, kwa sababu mkaguzi huangalia bidhaa zinazouzwa kaunta moja. Anapima pia sauti: "Tivelo" na "Tyvello" kwake ni jina moja. Kisha ombi: jina na anwani ya mwenye alama, picha safi ya alama, orodha ya bidhaa, na hati ya kumpa wakili mamlaka kama unamtumia. Mwombaji wa nje ya nchi lazima awe na wakala hapa. Neno liombe kwa herufi za kawaida, nembo uiombee peke yake pesa ikiruhusu, na bila rangi: alama isiyofungwa kwenye rangi inakulinda katika rangi zote.

Ombi likikubaliwa linatangazwa rasmi kwa gharama yako. Usipolipia tangazo, faili linalala hapo hapo na hakuna atakayekupigia simu. Kuanzia siku ya tangazo kuna siku 60 za pingamizi. Likija pingamizi na usipojibu ndani ya muda, ombi linahesabika umeliacha. Lisipokuja, unapata cheti. Cheti cha kwanza ni cha miaka 7 kuanzia tarehe ya kuwasilisha ombi, halafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara.

La mwisho kwangu: mwenye alama awe kampuni. Mkurugenzi akiisajili kwa jina lake, wakigombana anaondoka nayo.

Mdhibiti_ubora

Wakili kasema ya URSB. Mimi niongeze ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, maana wengine hupata cheti cha alama wakadhani mzigo umeruhusiwa kuingia. Alama inasema jina ni la nani. NDA inauliza kama kifaa ni salama na nani alikitengeneza. Hakuna cheti kinachochukua nafasi ya kingine. Glavu tena hupimwa kwenye maabara ya NDA zikishaingia, kwa hiyo zikitoboka, jina linalochafuka ni lako, si la kiwanda.

Sasa boksi. Kwenye lebo ya kifaa tiba kuna alama za kimataifa: kijumba cha kiwanda kilichojazwa rangi nyeusi ni mtengenezaji, kishisha cha mchanga ni mwisho wa kutumia, namba 2 iliyokatwa mstari ni kutumia mara moja tu. Jina lako la biashara liweke mbele kwa herufi kubwa utakavyo, lakini pale penye kijumba pabaki jina na anwani ya kiwanda halisi. Ukiweka kampuni yako pale, umetangaza kwamba wewe ndiye mtengenezaji, na karatasi za kiwanda, zikiwamo za CE (alama ya Ulaya ya kukidhi masharti), hazikuhusu tena. Namba ya tarakimu nne iliyo pembeni ya CE inakwenda na mtengenezaji aliyetajwa kwenye cheti, si na chapa.

Stika ya kubandika ukishafika Kampala ni balaa. Inafunika namba ya toleo na tarehe, na glavu mbovu zikigundulika hospitalini huwezi kujua kartoni zipi zirudi. Jina lichapwe kiwandani. Halafu hakikisha jina kwenye ankara, orodha ya mzigo, kibali cha NDA na boksi ni lilelile kwa herufi. Kibali kikisema "Tivelo" na boksi likisema "Tivelo Plus", mzigo unakaa forodhani huku gharama za kuhifadhi zinapanda.

Forodha_Malaba

Kuhusu hilo la "bure" la China: usikubali, labda waandike wewe kama mwenye alama, nawe ushike hati.

China anayetangulia kuomba ndiye mwenye haki, hata kama jina lilibuniwa Wandegeya. Na forodha yao hukagua alama kwenye mizigo inayotoka, si inayoingia tu. Kiwanda kikiwa na cheti cha jina lako, siku ukihamia kiwanda kingine chenye bei nzuri kinaweza kuomba kontena lako lizuiwe bandarini.

Njia safi ni hii: wasilisha Uganda kwanza, kisha ndani ya miezi 6 wasilisha China ukidai kipaumbele cha Mkataba wa Paris, utahesabiwa tarehe ya Uganda. Klasi ya 10 kwao imegawanywa vijiklasi. Ukiacha kimoja wazi, mtu mwingine anaweza kupata jina lilelile humo, kwa hiyo wakala wa huko akuonyeshe kila bidhaa imeangukia wapi.

Pia kuna watu wanauza "cheti cha kimataifa" cha mfumo wa Madrid, ule wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja. Uganda haimo. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haina cheti cha pamoja: Kenya ni KIPI, Tanzania Bara ni BRELA na Zanzibar ina ofisi yake, Rwanda ni RDB. Itifaki ya Banjul kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu lililoko Harare, ina Uganda na Tanzania, haina Kenya wala Rwanda. Kama wateja wako wanatoka Juba na Goma, peleka kwanza maombi kule mzigo unakopita na kule unakouzwa.

Duka_Wandegeya

Asanteni sana wakuu. Jina tunabadilisha na msalaba tumeutoa. Swali moja: tukishawasilisha, tunaweza kuuza kabla ya siku 60 kwisha? Na tuweke ile R ya mduara?

Wakili_wa_Alama

Kuuza mnaweza, mkishakuwa na kibali cha NDA. R ya mduara hapana: kudai alama imesajiliwa wakati bado ni kosa kisheria, na mpinzani wako ataitumia dhidi yako. Chapisheni TM, inayosema mnalidai jina bila kusema limesajiliwa. Na agizeni maboksi ya kontena moja tu kwa sasa, pingamizi likija msibaki na ghala la maboksi yasiyotumika.