Tupeane uzoefu: Mliosomea habari za wanawake na jinsia, kila mtu kwa fani yake, mlikutana na nini?

Mdadisi_Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye daladala jirani yangu wa siti aliona kitabu nilichoshika, akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia jinsia na maendeleo. Alicheka mpaka konda akageuka. "Unasomea wanawake? Kozi hiyo haina kuhitimu, bro." Nikacheka naye, maana miaka sita nyuma ningesema hivyohivyo.

Nianze na yangu. Shahada ya kwanza nilisoma uchumi. Nilipomaliza nikapata kibarua cha udadisi kwenye utafiti wa kaya, huko Kilosa. Kishikwambi mkononi, vumbi mpaka masikioni. Nikafika kwa mama mmoja, jua la utosini, kakaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, mumewe yuko pembeni. Nikasoma swali kama lilivyo: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote? Mume akawahi: "Huyu hana kazi, yupo tu nyumbani." Mama naye akaitikia, "Ndiyo, nipo tu." Mahindi yanadondoka kwenye ungo. Nikabonyeza "hapana". Kishikwambi kikaruka maswali yote ya kazi, na mimi nikafurahi, kwa sababu nilikuwa bado na kaya nne kabla ya giza.

Mwaka uliofuata nikapata utafiti mwingine, huu wa matumizi ya muda. (Tanzania imeshaupima muda kitaifa, upo ndani ya Utafiti wa Nguvukazi wa 2006 na wa 2014.) Swali lake ni tofauti: jana, kuanzia saa kumi alfajiri, ulifanya nini? Kisha? Kisha? Mama mwingine, kijiji kingine, naye alianza na "nipo tu". Tulipofika saa tatu asubuhi alikuwa ameshataja mambo kumi na moja, na mtoto mgongoni hakumhesabu.

Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya uchumi kuangalia nilichokaririshwa. Kanuni za hesabu za taifa zina vituko. Ndoo ya maji aliyoteka ni uzalishaji. Ugali aliousonga kwa maji hayohayo, kwa wanawe, siyo. Ila akiusonga kwenye kibanda cha mama lishe, unaingia kwenye pato la taifa. Mwiko uleule, mkono uleule.

Haya, karibuni. Sheria, tiba, historia, lugha. Matusi pelekeni kwingine.

Kifungu114

Mleta mada, kwetu sheria swali lako lilishafika mahakamani zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inasema ndoa ikivunjika mahakama igawe mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Juhudi ni nini sasa? Majaji waligawanyika. Wapo waliosema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, si mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikamaliza ubishi: kazi za nyumbani ni juhudi, zihesabiwe.

Chuoni nilikariri hilo, nikapata alama zangu. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma hukumu mpaka ukurasa wa mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu! Mumewe alikuwa amempa fedha za biashara, mahakama ikaona amezitapanya, hivyo fungu lake ameshalila. Rufaa ikatupwa. Wanawake wote waliofuata wamegawiwa kwa jina lake, yeye aliondoka mikono mitupu. Darasani hatukuambiwa.

Siku hizi mteja akija simuulizi "ulichangia nini", maana atajibu "sikuchangia, hela zote zake". Namuuliza: nyumba ilipokuwa inajengwa, mafundi walikula wapi? Nani alikuwa anakesha na mifuko ya saruji isiibiwe? Hapo utaandika mpaka wino uishe.

Mbishi_wa_Mbagala

Mada za Wazungu hizi. Bibi yangu hakusoma jinsia na ndoa ilidumu miaka hamsini.

Kifungu114

Bibi yako uliwahi kumuuliza, mkuu?

Mwalimu_wa_Kisauni

Nawaamkua nyote. Mimi ni mwalimu wa fasihi, Mombasa. Huyo ndugu asemaye ni mambo ya Wazungu, naomba nimpeleke visiwa vya Lamu, mwaka wa 1858. Mwana Kupona binti Msham yu mgonjwa, anamuusia bintiye kwa utenzi. Ule utenzi sisi tulisomeshwa na mwalimu mwanamume aliyetwambia wasichana tuushike kama dawa: radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Nilitoka darasani nimenuna.

Jioni nikamsomea nyanya yangu, ambaye hakuingia skuli hata siku moja lakini utenzi alikuwa nao wote kifuani. Nilipofika pale mama anapomwambia binti amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema, nyanya akacheka mpaka buibui likamvuka. "Wee! Huyo amfanyaye mume mtoto mchanga, yeye ni nani basi humo nyumbani?"

Nilipofika chuo kikuu nikakuta wataalamu wanabishana kwa kurasa nyingi kama Mwana Kupona anatii au anacheza na maneno. Nyanya yangu alishawatangulia, na tambuu mdomoni.

Lugha nayo ina yake. Hatuna "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, ukisema "amekuja" hujui ni nani. Watu hudhani basi Kiswahili hakibagui. Lakini nenda harusini. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Huwapa wanafunzi sentensi "Amina ameoa" watafute kosa. Wote huliona mara moja.

Ng'ombe_Ishirini

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tarime. Kwetu "Amina ameoa" haina kosa hata kidogo.

Kwa Wakurya ipo nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anatoa ng'ombe wa mahari kama mwanaume yeyote na kuoa msichana. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Bibi yangu mzaa baba alioa. Nimekulia kwenye boma lenye mama wawili na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa sikilizeni kisa. Nilisomea sosholojia, nikaenda kukusanya data nyumbani kwetu. Fomu inauliza mkuu wa kaya, nikajaza KE. Anayefuata, uhusiano wake na mkuu wa kaya: mke. Jinsi: KE. Kishikwambi kikapiga kelele, mstari mwekundu, "hitilafu, sahihisha". Nikajaribu mara tatu. Msimamizi akaniambia kwenye simu, "Andika ndugu, tusonge mbele." Kwa hiyo kwenye data ile mke wa bibi yangu ni "ndugu mwingine".

Ila nisipambe. Wapo wasichana wadogo wanaoozwa kwenye nyumba hizo bila kupenda, mahari imeshaliwa na baba. Nilipowahoji kina bibi niliandika ujasiri na akili, nilipowahoji wake zao niliandika kitu kingine kabisa. Msimamizi wangu alitaka nichague upande mmoja wa kuandikia. Sikuchagua, na nikachelewa kuhitimu mwaka mzima.

(Na jamani, jinsi na jinsia tusichanganye. Jinsi ni maumbile, jinsia ni yale tuliyoyabandika juu yake. Najua mtaani zote ni moja, lakini hapa tuko darasani.)

Nesi_wa_Zamu

Napita haraka, niko kazini. Mama yangu mdogo alipelekwa hospitali, siitaji. Taya linauma, kichefuchefu, jasho, kuchoka kama aliyebeba zege. Kifua "kinabana kidogo tu". Wakampa dawa za vidonda vya tumbo, akarudi nyumbani. Kesho yake kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha ni shambulio la moyo. Alipona, ila ngazi hapandi tena.

Na mimi ningekosea vilevile. Picha niliyokaririshwa ni ya mzee wa kiume anashika kifua, anaanguka. Wanawake nao kifua huwauma, lakini hizo dalili nyingine huja nazo mara nyingi zaidi. Dawa pia ni hivyohivyo. Marekani mwaka 1977 mamlaka ya dawa ilishauri wanawake wanaoweza kuzaa wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio, na mpaka 1993 ndipo sheria ikalazimisha tafiti zinazolipiwa na serikali yao ziwahusishe wanawake. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ilikaa sokoni miaka 20, dozi moja kwa wote. Mwaka 2013 wakashusha ya wanawake, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi ilikuwa bado iko kwenye damu yao nao wameshika usukani.

Kengele. Kwaherini.

Vumbi_la_Nyaraka

Historia hapa. Tunajua Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kuanzia 1955. Wasichokijua wengi ni kwamba alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, Bomba, na vikundi hivyo vya ngoma ndivyo vilivyowaingiza wanawake wa Dar kwenye chama. Kwenye mafaili ya mkoloni hayo huyapati, ni wanaume watupu.

Nikamtafuta bibi mmoja Ilala. Saa nzima namuuliza, "Mumeo alijiunga TANU lini?" Anajibu kwa adabu, anazungukazunguka, ananiongezea chai. Nikazima kinasa sauti, nikaanza kufunga begi. Akasema, "Mjukuu wangu, mume wangu alikuwa karani wa serikali. Makarani walikatazwa chama. Kadi ilikuwa yangu."

Akainuka, akaileta. Imefungwa kwenye kipande cha kanga.

Mdadisi_Mstaafu

Vumbi, hiyo imenikaa. Swali lako lilimruka kama kishikwambi changu kilivyoruka.

Mbishi_wa_Mbagala

Nimerudi. Bibi ni marehemu, kwa hiyo nimempigia mama, nikamuuliza lile swali la jana. Akashtuka, "Kwani kuna msiba?" Nikamwambia hapana, niambie tu jana ulifanya nini. "Jana? Jana nilipumzika, mguu unaniuma." Nikanyamaza. Akaanza, "Labda nilipoamka…"

Salio limekata yuko saa mbili na nusu asubuhi, ndiyo kwanza anafua za wajukuu. Mwenye buku ya vocha anirushie.