Trekta ya Mzee (kikundi cha familia, Ifakara)

*Jumamosi*

Dogo Dereva 06:12: Shkamooni wote. Maji yameshuka usiku. Trekta saiz inaonekana yote iko palepale chini ya mwembe haijasogea, tope tu ndo limejaa

Mama 06:15: Alhamdulillah. Banda la kuku limeenda ila watu wote tupo wazima

Dada Moro 06:20: Poleni sana jamani. Mzee anaendeleaje

Mama 06:22: Amekaa barazani anaiangalia tu. Chai mpaka imepoa hajaigusa

Dogo Dereva 06:30: Kuna jamaa lori lake la mbao limezama kwenye tope huku barabarani anatoa laki na nusu nikamvute. Nimejaribu taa zinawaka kwahiyo betri ipo, stiki ya kupimia nimechomoa oili ipo tena nyingi tu nyeusi kama kawaida. Napiga stata nione kama inaitika

Shemeji Fundi 06:31: USIPIGE

Shemeji Fundi 06:31: Dogo toa ufunguo mpe Mama

Shemeji Fundi 06:32: Na terminali za betri ufungue sasa hivi anza na ya hasi

Dogo Dereva 06:35: Sawa shemeji nimetoa. Ila oili haijageuka rangi nakwambia

Shemeji Fundi 06:38: Umesema ipo nyingi. Imefika wapi kwenye stiki?

Dogo Dereva 06:41: Imepita alama ya juu kama vidole viwili

Shemeji Fundi 06:47: We uliongeza oili lini? Hukuongeza. Oili ni nyepesi kuliko maji, maji yameingia yamekaa chini kwenye sampu, lile bakuli la oili la injini, yameinyanyua ndo maana stiki inakuonyesha oili safi huku chini ni mto. Ukiwasha hapo pampu inavuta kutoka chini, kitu cha kwanza kwenda kwenye beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni maji na mchanga

Bamdogo 06:52: Mkwe mbona powatila yangu, ile trekta ndogo ya kushika kwa mkono, ililala kwenye maji 2024 nikaiwasha na inalima mpaka leo

Shemeji Fundi 06:55: Shkamoo baba. Nashukuru Mungu ilipona, pengine maji hayakuingia ndani. Hii hatujui bado ndo maana naomba tusibahatishe, Mzee hana nyingine

Shangazi Rufiji 07:03: Msikilizeni mkwe. Sisi huku mwezi wa nne 2024 maji yalipotujia jirani yetu aliwasha ya kwake siku ileile watu wakamshangilia, siku ya tatu ikaanza kugonga ndani ngo ngo ngo ikakata. Mpaka leo ipo uani kuku wanatagia kwenye kiti. Alikuwa hajamaliza hata mkopo maskini

Shemeji Fundi 07:10: Dogo nipige picha ya ubavu, nataka nione mstari wa tope umeishia wapi

Dogo Dereva 07:16: 📷 Picha

Shemeji Fundi 07:24: Sawa naona. Umepita juu ya stata, tanki la dizeli lipo juu halijafikiwa, eya klina pia imepona. Maji yameingilia kwenye paipu ya kupumulia ya injini na kwenye tundu la stiki. Lile kopo tunalofunikiaga ekzosi liko wapi?

Dogo Dereva 07:26: Halipo, limeenda na upepo wa Jumatano

Shemeji Fundi 07:33: Basi mvua ya siku tatu imekuwa inaingia kwenye ekzosi, na valvu ikiwa wazi maji yanashuka mpaka kwenye silinda. Hilo ndo linanitisha kuliko hata oili. Hewa pistoni inaibana ila maji hayabaniki, pistoni ikipanda ikayakuta juu yake kinachopinda ni koneki, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Nakuja, natoka Moro na basi la mchana. Msiivute msiisukume hata hatua moja

Dogo Dereva 07:35: Na jamaa wa lori?

Mama 07:36: Mzee anasema lori lisubiri

*Jumapili*

Dogo Dereva 08:50: Tumeanza. Shemeji mikono imejaa oili ananiambia niandike mimi. Tumefungua bolti ya chini ya sampu taratibu, yakaja maji matupu yanatiririka ndoo ikafika nusu, halafu yakakatika ghafla ikaja oili nyeusi. Vimetoka mbalimbali kabisa

Dogo Dereva 08:51: Anasema hiyo ndo habari njema, ingekuwa imezungushwa ingetoka rangi ya chai ya maziwa

Dada Moro 08:58: Alhamdulillah jamani 🙏🏾

Dogo Dereva 10:20: Nozeli zote nne za kupulizia dizeli zipo nje. Shemeji kaweka spana kwenye nati ya puli ya krenki anazungusha kwa mkono polepole mimi naangalia matundu. La kwanza kavu la pili kavu. La tatu maji yameruka yamenipiga kifuani

Bamdogo 10:24: Mungu wangu

Bamdogo 10:25: Mkwe nimeona. Jana mimi ndo ningemwambia apige

Dogo Dereva 10:40: Na mimi jana mkono ulikuwa kwenye ufunguo. Tumemwagia oili kidogo kila silinda tunazungusha tena ili isishike kutu. Sasa tunaenda nyuma, gia boksi difu na haidroliki kwenye hii Massey 290 zinakunywa oili moja, nayo ina maji. Oili inayotakiwa ni nyingi

Dada Moro 10:44: Niambieni bei. Nimetuma laki kwa Mama ya kuanzia

Shangazi Rufiji 10:52: Na mimi nachangia jioni nikishauza samaki. Hiyo ndo imewasomesha wote nyie

Dogo Dereva 16:30: Stata na altaneta tumezifungua zimejaa tope laini kama uji, tumeziosha na petroli zipo juani kwenye bati. Nilitaka kuziweka karibu na jiko zikauke haraka shemeji akakataa anasema moto unaunguza vanishi ya nyaya. Hapu za magurudumu ya mbele tumetoa grisi yote ilikuwa nyeupe kwa maji

Mama 16:41: Mzee amekula leo

*Jumanne*

Dogo Dereva 11:05: Oili mpya na filta zipo ndani. Klachi ilikuwa imeganda kwa kutu, shemeji kaikanyaga akaifunga na mti usiku kucha, asubuhi tumeikuta imeachia

Dogo Dereva 11:32: 🎤 Sauti (0:41)

Dada Moro 11:34: Jamani hiyo ni yenyewe?? Naisikia!!

Mama 11:36: Yenyewe. Mzee kasimama pale mkono juu ya boneti

Shangazi Rufiji 11:37: Nalia huku

Shemeji Fundi 11:44: Dogo zima sasa inatosha. Leta ndoo, tunamwaga hiyo oili ikiwa bado ya moto maana imeosha ndani. Tunaweka nyingine

Dogo Dereva 11:45: Ndoo ipo