Tulilipia bunraku, tukauziwa hotuba na sushi

Wakuu, salaam. Nimengoja wiki nzima hasira zitulie kabla ya kuandika, nazo hazikutulia, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Jumamosi iliyopita nililipa pauni 38 kuingia katika ukumbi mmoja hapa London, baada ya kuona tangazo la usiku wa bunraku, yaani maigizo ya vikaragosi ya Osaka, lililojigamba kwamba sanaa hiyo imo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu mwaka 2008. Tulikaa ukumbini saa mbili na nusu. Vikaragosi tuliviona kwa dakika 22, nilizihesabu. Muda uliobaki uliliwa na hotuba, shukrani kwa wafadhili, sushi, na foleni ya kupigwa picha ukiwa umevalishwa kimono.

Igizo lenyewe lilikuwa Sonezaki Shinju, alilolitunga Chikamatsu Monzaemon mwaka 1703 kutokana na kisa cha kweli cha wapenzi wawili waliojiua. Anayelijua igizo hili anangojea sehemu ya danguroni, ambapo kijana Tokubei amejificha chini ya baraza, naye mpenzi wake Ohatsu, aliyeketi juu, huku akisema na watu kana kwamba anajisemea mwenyewe, anamshushia mguu kumuuliza kama yuko tayari kufa naye. Kijana anaushika mguu ule na kuupitisha kooni mwake, na hilo ndilo jibu. Kikaragosi cha kike kwa kawaida hakina miguu kabisa, kwani mchezeshaji huonyesha mwendo kwa kulitikisa pindo la kimono tu, kwa hiyo mguu ule mmoja unapochomoza hata asiyejua neno la Kijapani hushtuka. Sehemu hiyo waliikata. Tulichoonyeshwa ni wapenzi wakielekea msituni kufa, bila kuambiwa wanafia nini, hata jirani yangu akaninong'oneza kuuliza kama yule kijana alikuwa jambazi.

Na hizo dakika 22 nazo hatukuachiwa. Msimulizi, anayeitwa tayu, alikiinua kitabu chake kwa mikono miwili na kukiinamia kama ilivyo desturi, shamisen, ala ya nyuzi tatu, ikalia, naye hajafika mbali mshereheshaji akashika kipaza sauti na kuanza kutufafanulia, juu ya sauti ya mzee yule, eti "moyo wa Kijapani". Vikaragosi havisemi, tayu ndiye Ohatsu, ndiye Tokubei, na kilio cha wote wawili kinatoka kifuani mwake. Ukimfunika tayu umebakiwa na wanasesere wanaotikisika. Skrini kubwa iliyokuwa nyuma ingeweza kubeba tafsiri, lakini usiku kucha ilibeba nembo za wafadhili.

Wasanii siwalaumu hata kidogo. Kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu, na kwa mapokeo mtu hukaa kama miaka kumi kwenye miguu, na mingine kumi kwenye mkono wa kushoto, kabla ya kukabidhiwa kichwa na mkono wa kulia. Mtu wa namna hiyo mnampandisha ndege kutoka Japani ili aje kuburudisha walaji wa sushi?

Nilipomuuliza mwandaaji mmoja, alinijibu kwa upole kwamba wageni huchoka upesi. Jibu hilo ni kongwe: kundi la waigizaji wa Kijapani la Kawakami Otojiro na mkewe Sadayakko lilipocheza kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, lilipunguza mazungumzo na kuongeza ngoma na vifo vya kutisha, kwa sababu watazamaji hawakuelewa lugha. Lakini wale walikuwa wakitafuta riziki ugenini, tena hawakuwa na skrini. Waandaaji wa leo wana udhuru gani? Marehemu bibi yangu kule Unguja alikuwa akikesha kwenye taarabu akingoja ubeti mmoja tu, kisha anainuka kwenda kutunza. Mjukuu wake ndiye wa kuambiwa hawezi kustahimili saa mbili za tayu?

Nimewaandikia kudai nusu ya kiingilio. Wamejibu kwa kunialika kwenye usiku mwingine mwezi Machi, wakaambatanisha ratiba: hotuba za ufunguzi saa moja kamili, sushi saa mbili kasoro robo, na vikaragosi "muda ukiruhusu".